Jina Lililobaki Nje ya Tangazo

Mwanangu Mkunde,

Umeshuka Mabogini tangu asubuhi kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua wifi yangu hatakuachia kabla hajakupakia mchele wa kula mwezi mzima. Kwa hiyo nina mchana wote mbele yangu. Nimetoa kiti barazani, nimeweka daftari magotini, na ng'ombe ananiangalia kwa sababu hajazoea kuniona nimekaa saa hizi.

Habari za kufunga mlango, za kutolala na njaa, za kutomwamini kila anayekuita dada, zote umeshazisikia, na nyingine umezisikia mpaka ukafumba macho. Blanketi nimeliona. Umeliacha chini ya mto ukidhani sitaingia chumbani mpaka uwe umeshaondoka. Sawa, Dodoma kuna joto. Sitaandika juu ya blanketi.

Nataka kukuandikia juu ya makosa. Kesho unakwenda kuanza kazi ya kusahihisha habari za watu gazetini, na mimi mama yako nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa kwenye redio pale Moshi mjini. Nimesahihisha makosa ya watu mpaka nikiwa kanisani nasahihisha matangazo ya mzee wa kanisa kimoyomoyo. Ila kuna kosa moja langu mwenyewe ambalo sijalisahihisha mpaka leo, na ulilibeba wewe. Juzi nilitaka kulisema tukichambua maharage, nikaishia kusema maharage ya mwaka huu yana wadudu. Jana nikajaribu tena, nikakuuliza kama umepiga pasi. Nimeona niandike, kwa sababu ukiondoka kesho kabla sijalisema, sijui litasemwa lini.

Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi jioni? Ulikuwa unasikia miguu yangu kwenye kokoto, unakimbia kunifungulia geti, na kabla sijaweka mkoba chini unauliza, "Mama, leo kuna nini?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Leo kuna nini?"

Nami natoa karatasi mkobani. Siku ile ya ng'ombe sitaisahau. Tangazo lililetwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa, nikalikuta mezani baada ya kusomwa hewani: amepotea ng'ombe wa maziwa, mali ya mama mmoja wa Chekereni, mwenye pembe moja iliyovunjika na alama nyeupe kwenye paji la uso. Yule mama alipiga simu mwenyewe, akasema kanisani wote wanamwangalia kichwa. Wewe ulitembea wiki nzima umeweka kidole juu ya paji la uso, ukikataa kutumwa dukani mpaka pembe ipone.

Na ile ya mafuriko. Mwandishi wetu kijana alirudi mkutanoni na habari yake, ameandika kwamba kiongozi amewataka wananchi wa tambarare kuacha mara moja tabia ya mafuriko. Baba yako alikuwa anakunywa mtori. Nilisoma sentensi hiyo, na mtori ukatokea puani. Halafu lile la shukrani: marehemu anawashukuru majirani wote walioshiriki mazishi yake, na anawaomba radhi ambao hawakupata chakula. Wewe uliacha kucheka ukauliza, "Mama, alisemea wapi?" Na gazeti lile lililoandika kwamba watu wanne wamefariki dunia papo hapo na hali ya mmoja wao ni mbaya. Baba yako akasema, "Basi huyo mmoja tumwombee, huenda akapona."

Ninazitamani jioni zile, Mkunde. Nikisema ninazitamani simaanishi nazikumbuka tu. Kuna siku nakaa hapa saa kumi na mbili, nasikia miguu ya mtu njiani, na moyo wangu unanyanyuka wenyewe kama bado mimi ndiye ninayerudi na wewe ndiye unayefungua.

Kazi yangu, unajua, ilikuwa dirisha la matangazo ya vifo. Watu waliteremka kutoka huku mlimani na karatasi zilizokunjwa mara nne, wengine wamechana kwenye madaftari ya shule ya watoto, nami nazipanga: jina la marehemu, atazikwa kihamba gani, shamba la ukoo upi, na saa ngapi, kisha wanaopewa taarifa. Watoto, wakwe, wajukuu, popote walipo. Na kwetu ndiyo hiyo orodha watu wanayoisubiri. Nani amekufa wameshajua kwa majirani. Wanachotaka kusikia ni nani ametajwa na nani ametajwa baada ya nani. Nimewaona watu wazima wameacha kwenda kumzika ndugu yao wa damu kwa sababu hawakutajwa. Mwanzoni niliwaona wajinga.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kirua Vunjo, Mzee Ndesario, yule niliyemuua. Hadithi unaijua, lakini nivumilie, ina kipande ambacho sasa nakihitaji. Mdogo wake alifariki, yeye akaleta tangazo. Dirishani siku hiyo kulikuwa na msururu, nikanakili majina mawili nikayabadilisha mahali: mtoa tangazo nikamweka kwenye marehemu, marehemu nikamfanya mtoa tangazo. Jioni likasomwa. Kesho yake asubuhi watu wakapanda Kirua na mikungu ya ndizi vichwani, wanawake wakaanza kulia tangu kwenye mfereji, wakamkuta Mzee Ndesario anamkatia ng'ombe majani. Dada yake mkubwa alimpiga kwa mwavuli kwa kumtia hofu bure.

Tulisoma sahihisho mara tatu. Bosi wangu akasema yamekwisha. Siku ya nne jirani wa yule mzee akaja dirishani, hakutoa karatasi. Akasema, "Mzee amesikia sahihisho lenu. Anasema redio haina miguu."

Nilielewa. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako anikatie jani la isale pale mpakani mwa kihamba chetu, nikapanda nalo Kirua peke yangu, mkononi, hadharani, kila niliyepishana naye akijua kwamba huyu mama anakwenda kuomba msamaha. Wewe umekua na masale mpakani ukiyaona ni majani tu, lakini ujue uzito wake. Ukimwendea uliyemkosea na jani lile, hana ruhusa ya kukufukuza.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ni mimi, Meku."

"Na hata hukuniuguza kwanza."

Nilipiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili. Alilishika, akaligeuza, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akaniketisha karibu naye akasema kwa sauti ya chini, "Nikwambie kitu. Niliposikia mmenitangaza mimi, sikushtuka sana. Nilisogea kwenye redio nisikie kama mtamtaja Ndeshi." Ndeshi alikuwa binti yake. Walikosana, akaondoka akaenda kuishi Tanga, na hawakuwa wamesemezana miaka mingi. Mzee alikuwa amemwandika mwishoni kabisa mwa orodha, kwa penseli, na mimi katika makosa yangu yote pale sikumwacha. "Mtu akampigia simu Tanga," akasema mzee. "Kwa mdogo wangu asingekuja. Kunizika mimi amekuja. Yuko jikoni."

Nilirudi nyumbani na furaha ya ajabu, nikawasimulia. Ulikuwa na miaka kumi. Baba yako aliuliza kama nimepewa mbege ya kunywa. Wewe uliuliza, "Ndeshi alikuwa analia?" Nikakwambia hapana, alikuwa anamenya ndizi. Ukasema, "Mama, na mimi utanitaja?" Nikacheka. Nikakwambia wewe ni kifungua mimba wangu, wewe nitakutaja wa kwanza.

Sasa nimefika.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye godoro sebuleni, wanawake wamenizunguka, na mdogo wako Godlisten amelala mapajani mwangu kwa sababu hakuelewa kitu. Jioni baba yako mkubwa aliingia na karatasi. Akasema, "Shemeji, mwenyewe wa mambo haya ni wewe. Lipitie kabla halijashuka mjini."

Mwosha huoshwa. Niliyewapangia wengine maneno, zamu yangu ilikuwa imefika. Nikaomba kalamu, nikasoma. Alikuwa ameandika kwamba marehemu atawasili saa nne na kupumzika kidogo kabla ya ibada. Nikakata. Aliandika atazikwa saa nane usiku. Nikaandika mchana. Unaona, akili yangu ilikuwa inafanya kazi. Nikafika kwenye mstari unaosema watoto wake ni Elibariki na Godlisten.

Nililiona, Mkunde. Miaka yote hii huenda umenitetea moyoni mwako, ukasema mama alikuwa na machozi, mama hakuona. Niliona. Kalamu ilikuwa mkononi na wino ulikuwepo. Nikasema, "Shemeji, na Mkunde?"

Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mkunde ni mtoto wa kike, shemeji. Kesho keshokutwa ni wa ukoo mwingine. Hapa tunawataja wanaobaki na kihamba."

Nami nikawaza nyumba hii, na migomba ile, na wanangu watatu, na kwamba shemeji zangu wakinigeuzia uso kesho baada ya mazishi sina pa kuwalaza. Niliogopa. Hilo ndilo jina lake, sitalitafutia lingine zuri zaidi. Nikamrudishia kalamu.

Kesho yake jioni tangazo likasomwa. Alilisoma mwenzangu, mwenye sauti ile uliyokuwa unaiigiza. Nilikuwa nakuona kupitia mlango wa nyuma, umekaa na akina mama mnamenya ndizi za mtori, redio iko juu ya gunia. Alipofika kwenye watoto wake, kisu chako kilisimama. Akawataja wadogo zako wawili. Akaendelea kwa wakwe. Uliinua uso ukaiangalia redio, ukasubiri, nadhani ulifikiri watakurudia mwishoni kama walivyomweka Ndeshi. Ikapigwa kwaya. Ukachukua ndizi nyingine ukamenya.

Hukunijia. Hukuniuliza siku ile wala siku nyingine yoyote. Tangazo la ng'ombe lilipigiwa simu na nusu ya Chekereni. Tangazo la Mzee Ndesario lilileta ujumbe mpaka dirishani. La baba yako hakuna aliyepiga. Kila aliyelisikia alisema limepangwa vizuri.

Nilipomaliza msiba nikarudi kazini, na siku ya kwanza nikakuletea kosa. Lilikuwa zuri, la mchungaji aliyefungisha ndoa ya watu kumi na tatu. Nikatembea njia nzima nalo mkobani. Ulifungua geti ukasema, "Shikamoo, mama," ukapokea mkoba, ukaenda nao ndani. Nikasimama pale na kosa langu. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa yake. Ulikuwa na adabu kuliko wakati wowote. Mwezi mzima nilibeba makosa nikirudi nayo, nikayaweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, yako mpaka leo. Tangu siku ile hujaniuliza tena leo kuna nini, na mimi nimezeeka nikisubiri swali la mtoto.

Utaniuliza kama ile hofu ilikuwa ya kweli, kama baba yako mkubwa angetufukuza. Sijui. Huyo mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kutufungia bati lilipoezuliwa na upepo, na aliposikia umepata kazi alitangaza hadi kwenye mnada. Labda ningeandika jina lako, angeguna tu, tungezika. Sikumjaribu. Nilikuuza kwa bei ambayo hakuna aliyeitaja.

Sina mengi ya kukufundisha juu ya kazi yako, umesoma kunizidi. Utakutana na makosa kila siku na mengi yatakuwa ya watu waliochoka. Kuteleza si kuanguka. Yacheke, na aliyeyaandika mchekeshe naye, usimwaibishe. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila mimi sikujikwaa kokote. Nilisimama wima nikarudisha kalamu. Sentensi yangu haikuwa na kosa hata moja la kuchekesha, na ndiyo iliyoniharibia nyumba. Ukiwekewa mezani habari safi yenye orodha ya watu, hebu jiulize nani hayumo. Ni hilo tu nililolipata kwa miaka kumi na tisa, na nililipata nikiwa nimechelewa.

Dirisha langu nimeliacha, lina msichana mwingine sasa, hodari. Sina redio ya kusomea. Kwa hiyo muda mfupi uliopita nimesimama hapa barazani nikasoma kwa sauti ile ya kazini:

"Familia ya marehemu Mwalimu Anael wa Mamba inasahihisha tangazo lake la miaka kumi na moja iliyopita. Watoto wake ni Mkunde, Elibariki na Godlisten. Taarifa ziwafikie ndugu na jamaa wote, popote walipo."

Jirani yetu alikuwa anakata majani upande wa pili wa masale. Akainuka na panga lake. "Mama Elibariki, kuna msiba?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni sahihisho."

Akaniangalia, akaangalia ng'ombe, akarudi kwenye majani yake. Kufika jioni mlima mzima utajua kwamba mama Elibariki ameanza kusoma habari peke yake. Waache.

Asubuhi ulipoondoka nilikwenda pale mpakani nikakata isale. Nimelifuta vumbi, liko hapa juu ya daftari. Wazee watasema mzazi hampelekei mtoto isale, hiyo ni kupindua dunia. Na waseme. Nilifikiri nilifiche kwenye begi lako pamoja na barua hii ulikute Dodoma, nikakumbuka kwamba redio haina miguu, na barua nayo haina. Mimi ninayo bado, ingawa goti la kulia linalalamika. Nitakupa mkononi.

Mila inasema huwezi kulikataa. Mimi nakuruhusu ulikatae. Ukilipokea kwa kuwa mila imekubana, nitakuwa nimekunyang'anya tena neno lako mbele za watu, na mara moja ilitosha. Ukitaka kukasirika, kasirika, nitakaa nisikie. Ukitaka kupanda basi kimya, nitakusindikiza stendi na nitakubebea mchele.

Ila nina ombi moja, na ombi si amri. Ukiwa kule kwenye meza yako, siku yoyote, mwezi wowote, ukakutana na mtu aliyekufa na hali yake ni mbaya, au kiongozi anayekataza mafuriko, usimalizie kucheka na wenzako wa Dodoma. Nipigie picha unitumie kwenye simu. Usiandike kitu kingine, hata salamu usiweke. Nitaelewa.

Nasikia pikipiki inapanda kwenye kona ya kwa fundi. Inalia kama imebeba mchele mwingi. Ninashuka kukufungulia geti, jani liko mkononi, na kabla hujaniamkia mimi ndiye nitakayeuliza leo kuna nini.

Ni mimi,
Mama Mkunde